Masafa ya Msafiri: Njia au Saa?

Msafiri Mwislamu ameruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne (adhuhuri, alasiri na isha) ziwe mbili mbili, na kula mchana wa Ramadhani kisha alipe baadaye. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa milima ya Usambara na wa pwani, mpaka wa ruhusa hiyo ni marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa ngamia wenye mizigo. Wanazuoni wengi wa sasa huuhesabu kuwa kilomita 81 hivi.

Kinachopimwa ni njia anayopita mtu, na milimani jambo hilo lina uzito mkubwa. Lushoto, mji wa milimani Usambara, na Muheza, kwa mstari ulionyooka, imeachana kilomita 70 hivi tu. Lakini barabara hushuka kona kwa kona kilomita 33 hadi Mombo, huambaa chini ya milima hadi Korogwe na Segera, na mpaka ifike Muheza imeshapita kilomita 100. Basi aendaye Muheza ni msafiri, anayeishia Korogwe bado. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu hayo aliyefariki mwaka 1277, alitaja sharti: mwenye njia mbili akishika iliyo ndefu kwa sababu ya maana, kama usalama au wepesi, anapunguza, akizunguka bure, hapunguzi.

Na saa je? Nawawi huyohuyo aliandika kuwa bahari ni kama nchi kavu, hata kama masafa yamekatwa kwa saa moja. Kwa kipimo hicho, abiria wa ndege kutoka Kilimanjaro hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kwa muda wa saa moja hivi, ana ruhusa kamili, naye ameketi tu akiitazama Usambara upande wa kushoto. Mkulima anayepanda kwa miguu kutoka Mombo hadi Lushoto na mzigo kichwani, karibu mita 1,000 za mwinuko, hana.

Jambo hili linaumiza, na halifai kupuuzwa. Jibu la Washafii ni kwamba mashaka ya safari ni hekima ya ruhusa, wala si sababu yake, maana uchovu haupimiki. Mkulima yule, saumu ikihofiwa kumdhuru, ana mlango wake mwingine wa kufungua. Wahanafi, wenye madhehebu yao, huhesabu mwendo wa siku tatu, na mlimani hupima kwa mwendo wa mlimani. Mwanazuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, aliyaachia mazoea ya watu yaamue safari ni ipi. Rai ya Wahanafi inaijua milima zaidi. Hata hivyo kipimo cha Shafii kina huruma yake: hakimtaki mtu yeyote athibitishe kuwa amechoka.

Kwa saumu liko sharti la ziada. Washafii humtaka msafiri awe amezivuka nyumba za mwisho za mji kabla ya alfajiri. Anayepanda basi Lushoto kumeshapambazuka, hali amenuia kufunga, huikamilisha saumu ya siku hiyo, hata kama anakwenda Dar es Salaam.