Bosi Anayekuelewa Sana

Kuna kazi huwa naipata mara kwa mara, ya kuandika maneno ya semina. Kampuni inataka kufunza mameneja wake, mtu fulani anatengeneza slaidi, na mimi naitishwa kurasa kumi kuhusu akili ya hisia. Nimeziandika hadi naweza kuziandika nikiwa ndani ya matatu: kiongozi bora anajitambua, anadhibiti hasira, anasoma hisia za wenzake, anasikiliza. Peter Salovey na John Mayer waliliandikia wazo hili mwaka 1990, kisha mwaka 1995 Daniel Goleman akatoa kitabu kilicholisambaza maofisini. Sikuwa na shida nalo. Lilinilipia nyumba.

Halafu Februari 2023 BBC ikatoa uchunguzi wake kuhusu mashamba ya chai ya Kericho. Wanawake zaidi ya 70 walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao, kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Mwandishi mmoja aliingia kisiri kama mtu anayetafuta kazi. Kuna sehemu hainitoki akilini. Siku ya kuwapokea wafanyakazi wapya, meneja wa divisheni anasimama mbele yao na kuwaeleza kwamba kampuni haivumilii kabisa unyanyasaji wa kingono. Kisha anamwalika mwandishi huyo huyo wakutane jioni kwenye baa ya hoteli, na huko anamshinikiza waende kwake walale pamoja.

Swali lililonijia kwanza halikuwa la heshima sana: hotuba ile, nani alimwandikia?

Jibu rahisi ni kwamba mtu kama huyo ni mnafiki asiyejitambua, semina haikumwingia, aongezewe nyingine. Mimi nadhani mambo ni kinyume. Kwenye shamba kubwa la chai msimamizi ameshika mambo mengi madogo madogo: nani anaandikwa, nani anatupwa kwenye kazi ya kumvunja mgongo, nani anapewa nyepesi. Wengi wanaishi kwenye nyumba za kampuni, kwa hivyo ukipoteza kazi unapoteza na pa kulala. Sasa, ili umtumie mtu vibaya mahali kama hapo, lazima umsome kwanza. Ujue nani ana watoto wanaosubiri karo. Nani hana kaka wa kuja kuuliza maswali. Nani akinyamaza ni aibu, na nani akinyamaza ni hasira inayochemka. Hiyo si akili ya hisia? Ni ile ile ninayoisifu kwa kurasa kumi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema hakikuelewi.

Kuna atakayeniambia kusoma wengine ni kitu kimoja, kujitambua ni kingine, na kwamba anayejiona vizuri hawezi kufanya hivyo. Labda. Lakini unajionaje, ukiwa bosi?

Baada ya kuacha chuo niliwahi kuongoza watu sita kwenye ofisi ya kuingiza data. Nilijiona bosi poa. Nilikuwa nauliza kila mtu ameamkaje, na mzaha wangu wote ulichekwa. Nilipotoka pale, mmoja wao akanionyesha grupu ya WhatsApp ambayo kila mtu alikuwemo isipokuwa mimi. Manze, kule nilikuwa nimeelezwa vizuri: ninavyokatiza watu wakiongea, ninavyowapangia zamu za Jumamosi wale wasioweza kulalamika. Jina nililopewa silirudii hapa. Na wakati wote huo nilikuwa na daftari la kujitafakari, naandika kila usiku. Daftari halikuwahi kunipinga hata siku moja.

Mama yangu mdogo ana chai kidogo upande wa Mogogosiek, kule Bomet. Wakulima wa huko wanapeleka majani kwenye kituo cha kununulia cha kiwanda kinachosimamiwa na KTDA. Karani akisema majani haya ni magumu, siyachukui, zogo linaanza. Mama mdogo atamwambia mbele ya foleni nzima kwamba leo ameamka na kisirani, na wenzake watamwitikia. Karani anajua hawa ndio wanaopiga kura kuchagua wakurugenzi wa kiwanda. Sidhani yeye ni mtu mwema kuliko yule wa kwenye baa. Ila huyu anaambiwa usoni yeye ni mtu wa aina gani, na aliyemwambia kesho anarudi na majani yake na yanapimwa.

Nisikupambie Bomet. Kuna kelele za bonasi, na mama mdogo mwenyewe ana vibarua wanaomchumia kwa kilo. Nilimuuliza hao nao humwambia nini akikosea. Akasema hao hawana maneno, wanampenda tu. Nikakumbuka ile grupu, nikaomba chai nyingine.

Mabosi wema wapo, nimefanya kazi chini ya mmoja. Aliwahi kunipa wiki nzima nikauguze mtu nyumbani, na sijasahau. Lakini hata yeye, wema wake ulikuwa wake. Angeamka siku moja bila huo wema, mimi ningeshika nini mkononi?

Mwezi uliopita nilipata tena kazi ya kurasa kumi. Kwenye ule wa kwanza nikaweka swali moja tu: nani chini yako anaweza kukukatalia leo, na kesho bado awe na kazi? Mteja akanijibu kwa adabu kwamba swali ni zuri ila linaweza kuwakwaza mameneja, heri niweke zoezi la kupumua. Nikaliweka zoezi, kwa sababu tarehe tano ilikuwa karibu. Swali nikalihamishia kwenye maelezo madogo ya mwezeshaji, ukurasa wa tisa. Sijui kama kuna aliyelisoma.