Ramadhani 17: Amefungwa, hajafunga



Naandika saa nane mchana, koo limekauka kama mwamba wa Capri Point. Nawe huko uliko najua hali ni hiyo hiyo. Basi tuitumie kiu hii kumfikiria kiumbe ambaye wengi wetu hatupendi hata kumtaja mwezi huu: mbwa.

Nyumba nyingi hapa Mwanza zina mbwa wa getini. Siku za kawaida anakula ukoko wa ugali na vichwa vya sato. Sasa Ramadhani imeingia, jiko la mchana limezimwa, makombo hakuna. Wewe ulikula daku ukatia nia. Yeye hakuamshwa daku, wala hakutia nia yoyote. Yuko kwenye mnyororo, juani, mpaka Magharibi, na tukishafuturu tunakimbilia tarawehe tunamsahau tena. Amefungwa, hajafunga. Nani atajibu kwa ajili ya njaa yake?

Najua utasema: "Ustaadh, si najisi huyu?" Ndiyo. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mbwa ni najisi, na chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. (Imam Malik anaona mbwa mwenyewe ni tohara, lakini tubaki na ya kwetu.) Ila hebu tazama hukumu hiyo inamhusu nani. Inahusu chombo changu, nguo yangu na swala yangu. Juu ya kiu ya mbwa haisemi kitu. Damu ya binadamu nayo ni najisi ikitoka, na sijasikia mtu akisema majeruhi wa bodaboda aachwe barabarani kwa sababu atatuchafulia kanzu.

Hadithi ya yule mtu na kisima sote tumeisikia, iko kwa Bukhari na Muslim. Tunaipita haraka mno. Mtu yule alikuwa na kiu, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema, analamba udongo mbichi, akasema moyoni kiu iliyompata huyu ndiyo iliyonipata mimi. Akarudi chini, akajaza maji khofu yake, akaishika kwa meno ili apande, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe. Hatukuambiwa kwamba alipenda mbwa. Hatukuambiwa alimchukua akaenda naye nyumbani. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya kiu ya dakika chache nyuma, basi. Kwa hiyo anayeniambia "mimi mbwa siwapendi" namjibu kwamba hajaombwa kupenda. Huruma inayongoja mpaka tupende itawafikia wachache sana, hata miongoni mwa watu.

Na yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kosa lake lilikuwa na pande mbili: hakumlisha, na hakumwachia akajitafutie. Hapo ndipo mnyororo wa getini unaponitisha. Mbwa koko wa Mwaloni Kirumba angalau anaokota mabaki ya samaki. Wa kwako umemzuia hata kuokota. Mafakihi wamelisema wazi: mwenye mnyama analazimika kumlisha, na akishindwa amwachie anayeweza.

Kumwachia anayeweza, hilo nalo lina watu wake. Kule Usa River, Arusha, kuna kituo kinaitwa Mbwa wa Africa. Wanaokota mbwa waliotupwa, wanawatibu, wanawahasi, kisha wanawatafutia wenye nyumba. Ni kazi ya kuosha mabanda na kubembeleza watu. Sisi tumekatazwa kufuga mbwa kwa starehe, lakini wa kulinda mifugo na shamba ameruhusiwa, na mafakihi wengi wakaongeza wa kulinda nyumba. Mwenye ng'ombe Misungwi au Magu akihitaji mlinzi, achukue wa namna hiyo kuliko kuzalisha wengine watakaoishia jalalani.

Sasa hofu. Mama mwenye watoto wanaotoka madrasa jioni haogopi bure, kichaa cha mbwa kinaua, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Akiumwa mtoto, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, siyo kesho. Lakini dagaa zilizotiwa sumu haziondoi kichaa. Unaua na waliochanjwa, wanakuja wengine wasiochanjwa. Shirika la Afya Duniani linasema wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakatika. Mtaa ukiamua kuchanga, uchange kwa hilo. Mawe wanayorusha watoto wetu, na sisi tukicheka, yako kundi moja na sumu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama hata kama sisi tumezoea.

Ukisoma Surat Al-Kahf Ijumaa, simama kidogo aya ya 22. Watu wanabishana vijana wa pangoni walikuwa wangapi, na katika kila hesabu mbwa wao anahesabiwa pamoja nao.

Kwa atakayeuliza habari ya chombo: nunua bakuli la plastiki liwe lake peke yake, hutahitaji kuosha mara saba. Mimina maji kutoka juu asikufikie. Weka kivulini, na umlegezee mnyororo afike hapo. Chakula cha mchana, mtengee usiku kabla hujala daku.