Khalwa Katika Nchi Iliyojaa Watu

Asiyepata kupita katika milima ya Kisii na Nyamira hatambui upesi jinsi ilivyo taabu kwa Mkristo wa huko kuitii ile amri ya Bwana ya kuingia chumbani, kufunga mlango na kusali kwa siri. Kwani mashamba yamegawanyiwa wana na wajukuu hata yakawa vipande vyembamba viteremkavyo kutoka barabarani mpaka mtoni, nyumba zimekaribiana, na mtu akikohoa kwake jirani humjibu pole. Antonio wa Misri na wazee wenzake wa karne ya 3 na ya 4 walilikuta jangwa limelala wazi mbele yao, ilhali Mgusii, mwenyeji wa milima hii, atokapo mlangoni hukuta migomba, majani ya chai, na mtu.

Nyumba ya khalwa ilipata kuwapo si mbali na kwetu. Mwaka 1956 watawa Watrapisti kutoka Uholanzi walianzisha abasia huko Lumbwa, upande wa Kericho, wakaishi kwa kazi za mikono, zaburi na ukimya kwa miaka 50 na zaidi, mpaka fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zikawahamisha kwenda Uganda mwaka 2008. Naitaja habari hiyo kwa huzuni, kwa sababu inadhihirisha kwamba hata ukimya uliozungushiwa ukuta hutegemea amani ya majirani.

Sisi wengine tulilelewa katika dini ya sauti. Wakatoliki walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakaja Nyanchwa punde baadaye, na hao wa mwisho wakatufunza kuipokea Sabato Ijumaa jua linapotua, kuni zimekwisha kupasuliwa na maji yamekwisha kutekwa. Ni saa tulivu kuliko zote za juma, na ningependa idumu. Walakini kesho yake huja kwaya, mahubiri na vipaza sauti, na wakati wa makambi ya ibada mlima mzima husikia, almuradi mja hurudi nyumbani ameambiwa mengi asipate nafasi ya kuyatafakari hata moja. Siyabezi mahubiri. Nasema tu kwamba wazee wetu, kwa ile adabu waliyoiita chinsoni, iliyomzuia mwana kutamka kila neno mbele ya baba yake, walifahamu kuwa kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima. Nami nastaajabu kwamba adabu hiyo tunayoitunza baina yetu hatukuichukua tukaingia nayo katika sala.

Niliyemwona akiingia nayo ni nyanya yangu. Kabla ya alfajiri alikuwa akitoka na kigoda chake, akaketi migombani nyuma ya jiko, khanga imemfunika kichwa, viganja wazi juu ya magoti, na umande ukimdondokea kutoka majanini pasipo yeye kuupangusa. Siku moja, nikiwa mdogo, nilimfuata.

"Nyanya, huwa unamwomba Mungu nini huku gizani?"

"Siombi bado, mjukuu wangu. Naanza na wale niliowasema jana. Namtaja mmoja kimoyomoyo, kisha namnyamazia."

Mimi nilikuwa nikidhani kwamba kunyamaza ni kufumba mdomo, kumbe kwake ilikuwa kumwachilia mtu aliyemshika kwa ulimi.

Lakini katika nchi yetu ajuza aonekanaye nje peke yake gizani hayuko salama. Mwezi wa Mei 2008 watu kadhaa, wengi wao wazee, walichomwa moto Kisii kwa kudhaniwa wachawi, na Oktoba 2021 huko Marani wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma iyo hiyo. Jambo hili halina budi kusemwa na kila atakayehubiri faragha Gusii: upweke, ambao Injili inautaja kuwa ni mahali pa kukutana na Mungu, kwetu huweza kuwa ushahidi wa kumhukumu mtu, na hukumu hiyo huanzia kisimani na sokoni kwa neno moja la uvumi. Basi riadha ya ukimya, kwa Mkristo wa milima hii, haiwezi kuanza kwa kutafuta pango wala kilele cha Manga; yaanzia kwenye neno lile, pale linapotufikia, nasi tuna hiari ya kulipitisha au kulizuia.

Uvumi ulimfikia nyanya naye. Jirani mmoja aliuliza mbele za watu kwamba bibi yule hutafuta nini migombani usiku, na wanawe, kwa hofu, wakamkataza kutoka. Akahamishia kigoda jikoni, kando ya mafiga, akawa anaufunga mlango kwa kipande cha kamba ya mkonge. Nikamuuliza kama bado huanza na majina.

"Bado," akasema, "ila siku hizi yule jirani ndiye wa kwanza, na huniweka sana."

Nje kulikuwa kunapambazuka, na moshi ulikuwa umeanza kupenya katika paa la jirani huyo.