Je, Yatosha Dhana Kumhukumu Mtu?

Wako watu wadhanio kwamba sinema ni mchezo tu: mtu huketi, hutazama, kisha huenda zake wala hakimbakii kitu moyoni. Sisi twaona sivyo. Sinema za mauaji na upelelezi humfunza mtazamaji jambo kubwa, nalo ni kuhukumu. Basi yafaa tuulize kama mafunzo hayo ni ya haki.

Twatoa mfano wa filamu moja isiyojulikana sana kwetu, ingawa kisa chake ni cha nchi hii. Jina lake ni White Mischief, iliyoongozwa na Michael Radford na kutolewa mwaka 1987. Yasimulia habari za Lord Erroll, mlowezi wa Kiingereza, ambaye alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941 alikutwa amekufa ndani ya motokaa yake, amepigwa risasi ya kichwa. Motokaa ilikuwa karibu na njia panda ya Karen, katika barabara iendayo Ngong, mji ambao leo umo katika Kaunti ya Kajiado.

Aliyeshitakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, mtu wa makamo, ambaye mkewe kijana, Diana, alikuwa na mapenzi na marehemu. Sababu ya kuua alikuwa nayo, na wengi walimdhania. Lakini mahakamani swali halikuwa watu wadhani nini. Wakili wake, Harry Morris wa Afrika Kusini, alionyesha kwamba alama zilizokuwa juu ya risasi hazikuafikiana na bastola za Colt alizodaiwa kuzitumia mshitakiwa. Tarehe 1 Julai 1941 Broughton aliachiliwa, na hata leo hapana mtu aliyethibitishwa mahakamani kuwa mwuaji.

Filamu haikuridhika na shaka hiyo. Yamwonyesha Broughton akijiua kwa risasi mbele ya mkewe, na mtazamaji huondoka ametosheka kwamba deni limelipwa. Ilhali mtu huyo kwa hakika alifia mjini Liverpool, Desemba 1942, kwa kuzidisha dawa. Filamu ilibadili kifo chake ili roho zetu zitulie.

Hapa ndipo penye hatari. Kamera huingia vyumbani, husikia minong'ono, hutuonyesha mkono unaotetemeka. Hutuketisha mahali pasipokuwa petu, pa mwenye kuona yote. Tukizoea kiti hicho, twatoka nje tukidhani kwamba mwovu hujulikana kwa uso wake, na kwamba mgeni apitaye jioni ameshajieleza kwa kule kupita tu.

Mwezi wa Agosti 2021, karibu na Kitengela, katika kaunti hiyohiyo ya Kajiado, vijana wanne waliuawa na kundi la watu waliowadhania kuwa wezi wa ng'ombe. Jamaa zao walikana kabisa kwamba walikuwa wezi. Hatusemi kwamba waliowaua walifunzwa na sinema. Watu waliuana kwa dhana kabla sinema haijazuliwa. Twasema kwamba kosa la nafsi ni lile lile: kujiona tumekwisha kujua.

Tazameni tofauti. Kwa mtu mmoja mwenye cheo na mali, kesi ilichukua zaidi ya mwezi, na risasi zikapimwa mstari kwa mstari. Tena wakati ule Mzungu alihukumiwa na baraza la Wazungu wenzake, haki ambayo Mwafrika hakupewa. Je, dawa ya dhuluma hiyo ni kumnyima kila mtu kesi? Hasha. Dawa ni kumpa hata mpita njia wa Kitengela subira ile aliyopewa Broughton.

Atasema mfugaji: "Ng'ombe wangu ndio ada ya shule na chakula cha watoto, polisi wako mbali, na mwizi akishikwa leo kesho yuko nje kwa dhamana." Maneno haya yana ukweli, wala hatuyadharau. Aliyeibiwa ana haki, na serikali inayomchelewesha yashiriki katika lawama. Lakini na afikiri: akiuawa asiye mwizi, ng'ombe hawarudi, na mwizi mwenyewe hupata amani kuliko watu wote, kwani hapana tena amtafutaye.

Wanachuoni wengi wa fikihi walikwisha kulisema hili zamani: adhabu za mipaka huondolewa panapoingia shaka. Hawakusema hivyo kwa kumpenda mwizi, bali kwa kujua kwamba aliyeachiliwa kimakosa aweza kushikwa tena, na aliyeuawa kimakosa hafufuliwi na mahakama yoyote.

Tena katika kundi kila mmoja hujiambia kwamba yeye alitupa jiwe moja tu, au alisimama akitazama. Sisi twasema kwamba damu haigawanyiki kwa hesabu ya mikono hata ikawa fungu la kila mtu si kitu.

Kwa hiyo, ndugu zetu, sauti ya "mwizi!" inaposikika, awepo mmoja wa kusema: aulizwe jina lake, atokako na aendako, afungwe akihitajika kufungwa, aitwe chifu, waitwe polisi. Huenda mtu huyo akazomewa. Na asimame hivyo hivyo, maana huenda yeye peke yake ndiye atakayelala usiku huo bila ya damu ya mtu shingoni mwake.