Mkono Uachie Kazi Yake

Mjukuu wangu, haya nimeshakuambia na leo narudia, maana naona hayajakuingia. Mpira ukishatoka kwenye raketi ya mwenzako, wakati wako wa kufikiri umekwisha. Ulitakiwa ufikiri kabla.

Juzi pale shuleni nilikaa kwenye benchi nikakutazama ukicheza mpira wa meza. Ulikuwa unaongoza 9 kwa 6, mguu mwepesi, bega limelegea, unacheza vizuri kuliko kijana yeyote niliyemwona hapa Dumila mwaka huu. Mpira mmoja ukagusa neti, ukadondoka upande wako, ukakuponyoka. Kuanzia hapo nikaona midomo yako inacheza. Ulikuwa unajisemesha: kunja kiwiko, geuza raketi, usiinue mkono. Macho yakahama kwa mpinzani yakawa kwenye kifundo cha mkono wako mwenyewe. Ukihesabu na huo wa neti, pointi 5 mfululizo zikaenda, na seti ikaenda nazo. Wenzako wakasema umeogopa. Mimi sikuona woga. Niliona mtu anauamrisha mkono ambao dakika chache nyuma ulikuwa haumhitaji.

Hebu tupige hesabu, maana wewe hesabu unaziheshimu kuliko maneno ya wazee. Meza ina urefu wa mita 2.74. Mpira unaokwenda kilomita 60 kwa saa unaumaliza urefu huo kwa takriban sehemu ya sita ya sekunde. Na mwanadamu akiona kitu, hata awe kijana mwenye damu ya moto, hupita kama sehemu ya tano ya sekunde ndipo mkono uanze kuitika. Sasa hayo maelekezo yako ya kiwiko utayapenyeza wapi? Ndiyo maana wachezaji wakubwa hawaungoji mpira. Wanamsoma mpinzani begani na kwenye raketi kabla hajapiga, na mwili wao unakuwa umeshaanza kusogea. Kusoma huko hakuna maneno ndani yake. Kumejengwa na maelfu ya mipira iliyopita mbele ya macho yao.

Mtazame bibi yako akipepeta mchele. Makapi yanaruka, mchele unabaki kwenye ungo, naye anazungumza na jirani habari za msiba. Mwambie akueleze kila mkono unavyopanda na kushuka huku anapepeta, uone kama mchele hautamwagika.

Wasomi nao wameyapima haya. Mwaka 2002 Sian Beilock na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wachezaji wa mpira wa miguu waliopewa kazi ya kupitisha mpira katikati ya vikwazo. Wazoefu walipoambiwa waufuatilie mguu wao wa kulia, ule waliouzoea, walizorota. Walipopewa jambo jingine la kusikiliza huku wakicheza, walifanya vizuri zaidi. Lakini walipotumia mguu wa kushoto, mambo yaligeuka: kuufuatilia mguu kuliwasaidia.

Hapo kwenye mguu wa kushoto ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu kuna vijana wanaosikia nusu ya maneno yangu wakaondoka. Wanasema, babu kasema tucheze kwa silika, basi mazoezi ya nini? Silika gani? Hakuna mtoto aliyezaliwa anajua kurudisha mpira uliokatwa chini ukaja na mzunguko wa kurudi nyuma. Akiupiga kama mpira wa kawaida unaishia kwenye neti, kila siku, mpaka afundishwe kuufungulia raketi na kuusukuma kutoka chini. Mkono unajua kile tu ulichofundishwa, na kufundishwa kunataka akili yote, polepole, tena kwa kuchosha. Samaki mkunje angali mbichi. Wewe upande wako wa kulia umeshakunjika, uachie. Upande wa nyuma ya mkono bado ni mguu wako wa kushoto, na huo hutauponya kwa kusema unacheza kwa hisia.

Akili basi ina kazi lini wakati wa mechi? Ina kazi nyingi, ila ina saa zake, na sheria za mchezo zenyewe zimempa mchezaji saa hizo. Enzi zetu seti ilikwenda mpaka 21 na kila mtu alianzisha mara 5 kwa zamu. Tangu 2001 ni pointi 11, kila mmoja anaanzisha mara 2, kwa hiyo nafasi za kusahihisha kosa zimepungua na kila mwanzo umekuwa na thamani zaidi. Unapoanzisha, mpira uko kwenye kiganja kilicho wazi, umetulia. Hapo amua: unapeleka wapi, mfupi au mrefu, mzunguko gani, na ukirudishwa unataka uje wapi. Ukishaamua, urushe juu, si chini ya sentimita 16 kama sheria inavyotaka, na uache kuamua. Kila baada ya pointi 6 unaruhusiwa kushika taulo. Kati ya seti na seti una dakika nzima ya kupumzika. Tena katika mechi unaweza kuomba mapumziko mara moja, dakika nyingine hiyo. Juzi ulipokuwa 9 kwa 8 ungeiomba. Hukuiomba, ukaenda kuitafuta dakika yako katikati ya mpira, mahali ambapo haipo.

Ukitaka kuona mtu anayeuamini mkono wake, mtafute Quadri Aruna wa Nigeria. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alimtoa Timo Boll wa Ujerumani, akafika robo fainali, Mwafrika wa kwanza kufika hapo katika mchezo huu. Akasimamishwa na Ma Long wa China, ambaye ndiye aliyechukua dhahabu. Mtazame Aruna kati ya pointi, si wakati wa kupiga tu. Wewe ukitazama mechi unangoja vishindo, na mafunzo yanapita.

Nimechoka kusema, na mabega yangu si yale. Lakini kukurushia mipira bado naweza. Jumamosi njoo asubuhi kabla upepo haujaanza, maana mpira wa gramu 2.7 haushindani na upepo wa hapa njia panda. Tutafanya upande wa nyuma ya mkono peke yake. Siku hiyo kiwiko ukifikirie, kifundo ukifikirie, ujisemeshe mpaka uchoke, sitakukataza.