Soma Vitabu, Achana na Gereji

Hadithi ya gereji umeshaisikia. Vijana wawili wa California, gereji ya wazazi, kompyuta, kisha mabilioni. Mhamasishaji akipewa kipaza sauti huianzia hapo na kuimalizia hapo, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ukitoka nje umebaki na nini? Gereji huna, California hujafika, na makofi yale hayanunui hata waya.

Leo nakusukuma kwingine kabisa: nenda kavisome vitabu. Miaka ya mwanzo ya kampuni ya Apple imeandikwa na watu waliokuwemo na wengine walioishuhudia kwa karibu, na humo kuna mambo yasiyosemwa jukwaani kwa sababu yananuka jasho.

Anza na iWoz, kitabu alichokitoa Steve Wozniak mwaka 2006 akishirikiana na Gina Smith. Wozniak ndiye fundi aliyebuni kompyuta za kwanza za Apple, na yeye mwenyewe amewahi kusema kwamba habari za gereji zimetiwa chumvi nyingi. Lakini mimi sikutumi huko kwa ajili ya hilo. Nakutuma ukaone alichokifanya kabla hajajulikana na mtu. Alipokuwa kijana alimwambia baba yake kwamba siku moja atamiliki kompyuta. Baba akamjibu kuwa mashine hiyo bei yake ni sawa na nyumba. Kijana akasema basi, ataishi nyumba ya kupanga.

Akaanza na alichokuwa nacho: karatasi. Alitafuta vitabu vya maelezo vya kompyuta ndogo za wakati ule, akajifungia chumbani, akachora namna ambavyo yeye angeziunda. Pesa za kununua vipuri hakuwa nazo, kwa hiyo michoro haikuwahi kuwa mashine. Akachora tena. Chipu mpya ikiingia sokoni, anaurudia mchoro uleule, safari hii kwa chipu chache zaidi. Hakuna mwalimu aliyemtuma, hakuna aliyempa maksi.

Tarehe 5 Machi 1975 wapenzi wa kompyuta walikutana kwa mara ya kwanza mjini Menlo Park, kwenye klabu ya Homebrew (ndiyo, walikutania gereji, ila ya mtu mwingine). Wozniak alirudi nyumbani na karatasi ya maelezo ya maikroprosesa. Kuisoma tu, akaona ni ndugu wa zile mashine alizokuwa akizichora tangu shuleni. Usiku huohuo akaanza kuchora kilichokuja kuwa Apple I. Uite bahati ukipenda. Bahati hiyo ilimkuta na miaka ya mazoezi mkononi.

Hata programu ya lugha ya BASIC aliiandika kwa mkono kwenye karatasi, akaigeuza mwenyewe kuwa tarakimu za mashine, kwa kuwa hakuwa na fedha za kulipia kompyuta ya kumfanyia kazi hiyo. Wewe una simu yenye nguvu kupita kompyuta zote alizowahi kuziota, na bado unasema unasubiri vifaa!

Kampuni ilianzishwa tarehe 1 Aprili 1976. Steve Jobs, mwenzake Wozniak, aliuza gari lake, na Wozniak akauza kikokotoo chake. Duka la Byte Shop likaagiza kompyuta 50 kwa dola 500 kila moja, na vipuri vikachukuliwa kwa mkopo wa siku 30. Mwenzao wa tatu, Ronald Wayne, aliyekuwa na asilimia 10, alijitoa baada ya siku 12 akalipwa dola 800. Wahamasishaji humcheka sana mzee huyu. Mimi simcheki. Alikuwa na miaka 41, alishawahi kuanguka kibiashara, na deni likishindikana yeye ndiye aliyekuwa na mali ya kukamatwa. Kuthubutu ni kuzuri, ila anayekuhimiza uuze kila kitu bila kukuuliza nani anakutegemea hakutakii mema.

Sasa fungua kitabu cha Andy Hertzfeld, Revolution in the Valley, cha mwaka 2004, kuhusu kuundwa kwa kompyuta ya Macintosh ya Apple. Humo utakutana na Burrell Smith. Wewe unayefungua simu za watu kwenye kibanda cha Kariakoo au Barabara ya Luthuli, sikiliza vizuri: huyu aliajiriwa Apple kama fundi wa kutengeneza kompyuta zilizorudishwa zikiwa mbovu. Kutoka kwenye meza hiyo ya matengenezo ndiko alikotolewa mtu aliyebuni bodi ya Macintosh. Alijua kompyuta zinavyokufa, akajua namna ya kuziumba.

Utamkuta pia Bill Atkinson. Mameneja waliwataka wahandisi wajaze fomu kila wiki kuonyesha wameandika mistari mingapi ya programu. Atkinson alikuwa ameisuka upya sehemu ya kazi yake ikawa fupi na ya kasi zaidi, akajaza: hasi 2,000. Haikuchukua muda, wakaacha kumletea fomu.

Usiruke kurasa za aibu. Apple III ya mwaka 1980 ilikuwa na kasoro hadi wateja wakaambiwa wainyanyue kidogo na kuiachia idondoke mezani, chipu zirudi mahali pake. Kompyuta ya Lisa ya mwaka 1983 iliuzwa dola 9,995, wanunuzi wakaikimbia. Kampuni hiyohiyo ikaitoa Macintosh Januari 1984.

Ukikipata The Little Kingdom cha mwandishi wa habari Michael Moritz, usikiache. Kilitoka mwaka 1984, kabla Jobs hajaondoka kwenye kampuni, kwa hiyo mwandishi hajui mwisho wa hadithi. Hakuna anayetabiriwa ushindi. Kuna watu wanahangaika na oda, fedha na ugomvi, kama unavyohangaika wewe leo.

Vyote hivi viko kwa Kiingereza. Kisikutishe. Soma kurasa tano kwa siku, kamusi pembeni, au mjipange watu wanne, kila mmoja awasimulie wenzake sura yake. Na kila ukifunga kitabu, fungua daftari: chora, kokotoa, andika programu, ukosee, urudie. Andika na tarehe. Ukianza leo, mwakani utakuwa na daftari zima la kazi yako mwenyewe. Anza leo.