MPIRA UNAPOPASUKA NJIANI: NI KADARI AU NI UZEMBE?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.



Kuna neno linalosemwa kila gari linapoanguka: "Ni mapenzi ya Mungu." Mpira umepasuka, gari limepinduka, watu wamezikwa, na neno hilo linafunga mazungumzo. Neno lenyewe ni la kweli, maana hakuna linalotokea nje ya elimu ya Mwenyezi Mungu. Lakini swali la Ijumaa hii ni hili: je, neno la kweli laweza kutumiwa kuficha uzembe? Dereva na mwenye gari, je, wametoka salama mbele ya Mola wao kwa sababu tu yote yamekwisha andikwa?

Tuanze na mfano wa mbali, ili asiwepo mtu humu msikitini atakayeona ananyooshewa kidole. Kisha turudi nyumbani.

1. MFANO WA NYUMBA ZA MAGURUDUMU

Huko Marekani na Kanada kuna watu, wengi wao wazee waliostaafu, wanaosafiri kwa gari ambalo ni nyumba. Kitanda, jiko, choo na tanki la maji, vyote vimo ndani. Gari la namna hiyo ni zito, na mara nyingi husimama miezi mingi bila kutembea. Mipira yake huonekana mipya kwa macho, kumbe imezeeka kwa jua na kwa miaka. Siku ya safari inabebeshwa mzigo mkubwa, juu ya lami yenye joto, kwa mwendo wa kasi, na njiani inapasuka.

Wengi hudhani mpira hupasuka kwa kujazwa upepo mno. Mara nyingi ni kinyume chake. Upepo ukipungua, ubavu wa mpira hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, joto hulegeza matabaka yaliyoshikamana ndani, matabaka huachana, na mpira hupasuka. Basi kishindo kile cha ghafla kilikuwa kimeandaliwa kwa masaa, pengine kwa siku nyingi. Sisi tunaiona dakika ya mwisho tu, na kwa hiyo tunasema jambo limetushukia kutoka juu.

Mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilirudisha mipira kiasi cha milioni 6.5, mingi ikiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Serikali ya Marekani ilihesabu vifo zaidi ya 200 vilivyohusishwa na mipira hiyo. Ford walisema kosa ni la mipira. Firestone wakasema kosa ni la gari, na la kiasi kidogo cha upepo ambacho Ford waliwashauri wenye magari kutia. Kampuni mbili zilizofanya kazi pamoja karibu miaka 100 zikaachana mwaka 2001, kila moja ikimtupia mwenzake mzigo, na waliokufa wako makaburini. Angalieni, ndugu: kuna wanaomtupia Mungu lawama, na kuna wanaomtupia jirani. Njia ni mbili, lakini ukimbiaji ni mmoja.

2. TAA INAYOONYA

Baada ya msiba huo, mwaka huohuo wa 2000 ikatungwa sheria. Kwa sheria hiyo, tangu Septemba 2007 magari yote mapya madogo ya Marekani yana chombo cha kuangalia upepo na taa ya kumwonya dereva. Lakini magari ya uzito wa zaidi ya kilo 4,536 hayakuingizwa. Kwa hiyo wenye nyumba kubwa za magurudumu hujinunulia vipimo vidogo vinavyofungwa penye kitundu cha kutilia upepo, na kioo mbele ya dereva kinaonyesha hali ya kila mpira.

Tena sikilizeni: taa ile ya sheria inalazimika kuwaka upepo ukipungua kwa robo nzima. Mpira unaotakiwa kuwa na kilo 2.4 za upepo, taa itawaka ukifika kilo 1.8. Kabla ya hapo mpira waweza kuwa unaumia, na taa imenyamaza. Basi anayengoja taa amekwisha chelewa. Ni kama mtu anayengoja ugonjwa ndipo akumbuke kutubu.

Na taa haitii upepo. Inaleta habari tu, na habari ikikufikia, udhuru wako umekwisha.

3. DINI YETU YASEMA NINI

Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba mtu alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache na kumtegemea Mungu. Akaamrishwa amfunge, kisha ategemee. Kufunga ni sehemu ya kutegemea.

Sayidina Umar alipokuwa akienda Sham, alipata habari ya tauni akarudi nyuma. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu lake lilikuwa na maana hii: anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu. Yaani tahadhari nayo imeandikwa. Mbona sisi tunaamini kwamba ajali imeandikwa, lakini hatuamini kwamba kupima upepo asubuhi nako kumeandikwa?

Tena Kurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 92, imeweka diya na kafara hata kwa aliyeua kwa kukosea. Hakukusudia, na bado ana deni. Na wanazuoni wa Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi, waliokutana Brunei mwaka 1993, waliamua kwamba dereva anabeba dhima ya madhara ya gari lake, isipokuwa mambo machache, kama lile jambo ambalo hakuweza kulizuia wala kujikinga nalo. Basi mpira uliochomwa na chuma kilichofichwa na mavumbi ni jambo moja. Mpira uliokuwa na uvimbe tangu juzi, na kila mtu ameuona, ni jambo lingine.

4. TURUDI NYUMBANI

Kwetu taa hizo ni chache, na mipira mingi sokoni imekwisha tumika nchi nyingine. Mungu hamkalifishi mtu ila awezavyo. Lakini tunaweza nini?

Tunaweza kusoma. Ubavuni mwa mpira, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4. Zikiwa 2419, mpira ulitengenezwa juma la 24 la mwaka 2019. Anayeuza mpira wa miaka 15 na kusema ni mzuri kwa kuwa meno yake bado marefu, anauza alichoficha.

Tunaweza kupima asubuhi, mpira ukiwa baridi, kwa kipimo cha kwado. Ukipima njiani mpira ukiwa moto, upepo umepanda kwa joto, utadanganyika. Na kamyo zetu zina mipira miwili miwili nyuma. Ule wa ndani hauonekani. Ukikosa upepo, mwenzake anabeba mzigo wa wawili kimya kimya, mpaka naye anapasuka. Dereva mwaminifu anainama na kuutazama ule ambao abiria hawauoni.

Lakini tusimwonee dereva. Mara nyingi amesema, "Mpira huu haufai," na mwenye gari amejibu, "Nenda hivyo hivyo, ukirudi tutanunua." Akikataa, kesho gari linapewa mwingine, na watoto wake wanalala njaa. Nasema hivi: mwenye gari aliyejua na akalazimisha, ana sehemu kubwa ya damu hiyo, hata kama alikuwa amelala kitandani. Dereva naye hasamehewi yote, kwa kuwa njaa yake haimpi ruhusa ya kuweka rehani roho za watu 40. Ndiyo maana jamaa ya msikiti isimwache peke yake. Anayepoteza kazi kwa kukataa kuua, chakula chake ni juu yetu sote.

Na sisi abiria tunaopiga kelele "Twende, twende!" dereva anapopima mipira, nasi tumo.

Na mpira ukipasuka pamoja na tahadhari yote, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Ashike usukani imara, gari liende moja kwa moja, lipunguze mwendo lenyewe polepole. Hapo ndipo neno "ni mapenzi ya Mungu" linakaa mahali pake: kinywani mwa aliyefanya wajibu wake.

Ewe Mola wetu, walinde wasafiri wetu, warehemu waliokufa njiani, na utupe macho ya kuona hatari kabla haijalia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.